Umefika Anakolala Mwanao?



Ndugu wasomaji, mzazi wa pwani akiulizwa mwanawe mwanafunzi yuko wapi, hujibu upesi: "Yuko Meru." Mwingine husema, "Wangu yuko Embu." Akiulizwa ni mtaa upi, na nyumba ya nani, husita. Hatusemi hayo kwa kebehi. Jina la mji mkubwa ndilo linaloandikwa katika barua ya chuo au ya ajira, nalo ndilo mama analolitaja katika dua zake. Lakini aghalabu kijana huyo halali Meru, wala halali Embu. Hulala Nchiru, au Nkubu, au Kangaru, au Manyatta. Katika mji mdogo ulio kando ya mji mkubwa, anakotoka kabla ya jua kupanda na kurejea giza likishaingia. Wiki hii twataka kuizungumzia miji hiyo, na haja ya kuizuru.

Miji ya namna hii si migeni kwetu. Mtwapa imo katika Kaunti ya Kilifi, lakini wengi wanaolala huko hutafuta riziki zao Mombasa. Mazeras na Mariakani zina hali hiyo hiyo. Anayetoka Mombasa kwenda Embu kwa njia ya Nairobi huikuta habari hii kwa ukubwa wake: Ruiru, Juja na Thika zimepangana kando ya barabara kuu iliyofunguliwa mwaka 2012, ghorofa juu ya ghorofa, na nguo zimeanikwa kila roshani. Kodi ya chumba hupungua kadiri mtu anavyojitenga na katikati ya mji, na nauli huongezeka. Baina ya mambo hayo mawili ndipo mwenye kipato kidogo anapotafuta mahali pa kutandika godoro lake. Embu na Meru si Nairobi, ila hesabu ni ile ile.

Kwa nini wana wetu wako huko? Miaka ya karibuni elimu ya juu imesambaa nchini. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilipata hati yake mwaka 2013, na makao yake hayako Meru mjini. Yako Nchiru, kiasi cha kilomita 15 katika barabara iendayo Maua. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Chuka kilipata hati, nacho kiko Tharaka-Nithi, katika njia inayounganisha Embu na Meru. Chuo Kikuu cha Embu kilifuata mwaka 2016, katika ardhi iliyokuwa ya chuo cha mafunzo ya watumishi wa kilimo. Wanafunzi hupelekwa vyuoni kwa alama zao na kwa nafasi zilizopo, si kwa makabila yao. Hivyo binti wa Lamu hujikuta Nchiru, na kijana wa Kwale hujikuta Kangaru. Tuongeze walimu, wauguzi na makarani wanaopangiwa kazi huko. Nafasi za kulala ndani ya vyuo hazitoshi, na vyumba vya mjini ni ghali. Ndipo miji midogo inapowapokea.

Safari yenyewe ni ndefu, na mwenye kuikusudia ajue njia. Kutoka Embu barabara hupita Runyenjes, ikaja Chuka, ikaendelea hadi Nkubu na Meru, ikifuata ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya. Mito itokayo mlimani huikata kila baada ya mwendo mfupi, na kila mto una bonde lake, na kila bonde lina mteremko na kona zake. Mashuhuri kwa huzuni ni daraja la Nithi. Mwezi wa Julai 2022 basi lililotoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia hapo, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Kwa hiyo neno letu la kwanza kwa wazazi ni hili: ipangeni safari ili sehemu hiyo muipite mchana. La pili ni kuchukua nguo za baridi. Embu iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Meru zaidi ya mita 1,500. Mwezi wa Julai ukungu hushuka mpaka juu ya migomba, na kanzu nyembamba ya pwani haimfai mtu kitu.

Kisha kuna adabu ya saa. Anayezuru mji wa pembezoni saa nne asubuhi hauoni. Huona maduka mawili matatu, fundi cherehani, waendesha bodaboda wamelala juu ya pikipiki zao, na milango ya vyumba vya kupanga imefungwa kwa kufuli. Husema moyoni, "Hapa hapana kitu," kisha akarudi mjini kutafuta hoteli. Mji huo una mianzo miwili ya siku. Wa kwanza ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, taa za matatu zinapowaka kituoni na watu wakapanda wakiwa wamejifunika mashuka mabegani. Wa pili ni jioni, saa kumi na mbili na baada yake, watu wanaposhuka na mifuko ya mboga, majiko yanapowashwa vibarazani, na mama mboga anapowakatia wateja sukuma wiki. Huo wa pili ndio wakati wa kumzuru mtu. Mzazi afike alasiri, aisubiri jioni, alale, aamke na mwanawe alfajiri, amsindikize mpaka kituoni. Akishafanya hivyo ataujua mji huo kuliko aliyeupita mara mia kwa gari.

Katika mji mmoja mdogo kando ya Meru tulimkuta binti wa pwani, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Hatutamtaja jina wala kwao. Chumba chake ni cha mabati na mbao, kisafi, kina kitanda, meza, jiko la gesi dogo, na mkeka aliopewa na bibi yake. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, Mmeru, mshiriki wa kanisa la hapo karibu. Tulipobisha hodi, yeye ndiye aliyetoka kwanza, akatuuliza sisi ni nani na tunamtakia nini msichana wake. Alisema hivyo hasa: "msichana wangu." Baadaye tulielewa. Mwaka wa pili binti huyo alishikwa na homa ya mapafu usiku wa manane. Mama huyo aliita bodaboda, akampeleka hospitali, akakaa naye usiku mbili kwenye kiti cha mbao. Ramadhani ilipofika, alikuwa akimgongea mlango saa kumi alfajiri ili asipitwe na daku, ilhali yeye mwenyewe hafungi.

Tulimuuliza binti kama wazazi wake wamjua mama huyu. Akainama. Hakuwaambia habari ya ugonjwa ila alipokwisha pona, kwa kuchelea kuwatia hofu. Na jina la mama huyo hawajapata kulisikia. Wao hutuma kodi kila mwezi kwa simu, na pesa huingia kwa nambari. Tukamgeukia mama, naye akasema neno ambalo twaliwasilisha kwenu kama lilivyo: "Mzee, mimi sitaki shukrani. Nataka tu nimwone mama yake, nijue mtoto huyu anatoka kwa watu."

Ndugu wasomaji, hilo ndilo lililotufanya tuandike. Twajibidiisha kumwozesha binti kwa mashauriano ya wiki nzima, twauliza ukoo wa mchumba mpaka babu wa nne. Na huyu anayekaa ukuta mmoja na binti yetu kwa miaka minne hatumjui sura. Dini yetu imetufundisha haki ya jirani kwa mkazo mkubwa, wala haikumbagua jirani kwa dini yake. Jirani wa mtoto wetu naye ni jirani yetu. Ana haki ya kusalimiwa, na kushukuriwa hata asipotaka shukrani.

Pana pazia baina yetu na watu wa huko, nalo si la baridi wala la umbali peke yake. Wengi wa pwani hulijua jina la Embu kwa muguka, na la Meru kwa miraa. Mwezi wa Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, wakulima wa Embu walilalamika, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo. Msimamo wetu juu ya majani hayo na vijana wetu mwaujua, nao haujabadilika. Lakini muguka hulimwa zaidi sehemu kavu za Mbeere, upande wa Kiritiri na Siakago, ambako chai na kahawa hazistawi, na mkulima wa huko naye hulipia karo kwa alichopanda. Anayetaka kumshawishi mtu huyo apande jingine, sharti kwanza ajue shamba lake lina udongo gani. Maneno ya mbali hufika yakiwa matusi. Ya karibu huweza kuwa nasaha.

Nao wana la kutuambia. Wazee wa Kimeru husimulia kwamba asili yao ni pwani, mahali waitapo Mbwaa, palipozungukwa na maji. Huko, wasema, walitumikishwa na watu waliowaita Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu, mpaka wakatoroka na kuvuka maji wakaelekea bara. Baadhi ya watafiti wameielekeza Mbwaa hiyo upande wa kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu. Si kazi yetu hapa kupima mapokeo hayo. Tosha kujua kwamba Nchiru, anakosoma binti wa Lamu, ndiko yaliko makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wanaoyahifadhi masimulizi ya aina hiyo. Mzee wa huko akimwona mtu wa kanzu akishuka kwenye matatu, humwona pamoja na habari aliyoisikia kwa babu yake. Salamu njema ya mgeni huyo ina uzito kuliko anavyodhani.

Sasa tuseme yanayowezekana. Mzazi na aende mara moja angalau, mwaka wa kwanza, asingoje mahafali. Mahafali ni ya chuo. Siku hiyo utaona hema na majoho, hutaona chumba. Aende siku ya kazi. Achukue zawadi isiyoharibika njiani: tende, halua, kashata za nazi, na leso moja ya mama mwenye nyumba. Aandike jina la mwenye nyumba na nambari yake ya simu, na jina la msikiti ulio karibu. Embu na Meru zote zina misikiti yenye jamaa wenyeji, na mgeni hakosi wa kumwelekeza. Aulize maji hutoka wapi, na usiku mtoto hurudi kwa njia gani. Akipewa githeri au mukimo ale kwa furaha. Na lile asiloweza kula kwa sababu ya dini aliombee radhi kwa upole, hawatakasirika. Na asianze ziara kwa kukitia chumba kasoro. Kijana amekipanga kwa uwezo wake, na huenda hicho ndicho kitu cha kwanza duniani alichokisimamia peke yake.

Asiyekuwa na nauli hana lawama. Basi na ampeleke mjomba au kaka mkubwa mwenye safari ya upande huo. Na asiyempata hata huyo, apige simu. Aseme, "Mama, mimi ndiye mzazi wa fulani. Nimepiga kukusalimu." Dakika tatu zatosha. Siku ya ugonjwa, jina lililokwisha kusalimiwa hupigiwa simu kwanza.

Na lililobaki latuhusu sisi tuliokaa. Mtwapa, Mikindani na Miritini kumejaa vyumba vya kupanga, na ndani yake wamo vijana wa Meru na Embu waliokuja kutafuta kazi mahotelini, bandarini na madukani. Huondoka alfajiri, hurudi usiku, na wenye nyumba miongoni mwetu huwajua kwa tarehe ya kodi tu. Wazee wao wako Nkubu na Runyenjes, nao wakiulizwa husema, "Yuko Mombasa," wasijue ni mtaa upi wala nyumba ya nani. Jioni ya leo, mwenye mpangaji wa namna hiyo na amgongee mlango, amuulize hali yake, na amuombe nambari ya simu ya mama yake.