Gavana asipimwe kwa mkono wa liwali

Uchaguzi unapokaribia, sifa inayotangulia jina la mgombea huku Chwele, kaunti ya Bungoma, ni ukarimu wake: amechanga kiasi gani kanisani, amelipia karo watoto wa nani, amenunua mabati mangapi. Kama ukarimu ndio kipimo cha utawala bora, basi gavana bora kuwahi kuonekana Kenya aliishi Mombasa karibu karne moja iliyopita, na hakupigiwa kura hata moja. Ni Sir Ali bin Salim wa ukoo wa Busaidi, ukoo wa masultani wa Oman na Unguja, aliyekuwa liwali, yaani gavana wa Sultani, wa Mombasa katika miaka ya 1920 hadi 1931. Maisha yake yafaa kuangaliwa na mpiga kura wa Bungoma, kwa sababu yanaonyesha ukarimu wa mtawala unaweza kufika wapi, na unakomea wapi.

Cheo chake kilidumu kwa sababu ya mkataba wa 1895, ambao kwao Uingereza ilikubali kutawala ukanda wa pwani wa maili 10 kwa niaba ya Sultani wa Unguja na kumlipa kila mwaka. Bendera ya Sultani iliendelea kupepea Fort Jesus hadi 1963, na maliwali, mamudiri na makadhi wakabaki kazini. Baba yake, Salim bin Khalfan, alikuwa liwali Malindi na baadaye Mombasa, mpaka kifo chake mwaka 1920. Mwana alirithi mali na heshima, akasikiliza kesi za Waislamu, akateuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria kuwasemea Waarabu, na Waingereza wakamtunuku cheo cha Sir. Mali ile hakuikalia. Alitoa ardhi na fedha kwa manufaa ya umma, akasaidia elimu ya watoto wa Kiarabu hata shule ya Malindi ikabeba jina lake, na hata kabla ya urithi huo, mwanzoni mwa karne ya 20, alifungua mjini Mombasa maktaba ya umma kwa kumbukumbu ya nduguye Seif. Tusilipite hilo la maktaba haraka. Maktaba ya McMillan ya Nairobi ilifunguliwa 1931, miaka mingi baadaye, na kwa muda mrefu Mwafrika hakuruhusiwa kuketi humo na kusoma. Kwa hili liwali aliwatangulia mabwana wa Nairobi, na anastahili sifa yake.

Sasa tuulize mali ilitoka wapi. Salim bin Khalfan alikuwa mmoja wa wamiliki wakubwa kabisa wa mashamba na watumwa huko Malindi. Utumwa ulipopigwa marufuku pwani mwaka 1907, fidia walipewa mabwana. Waliolima mashamba hayo hawakupewa hata kishamba. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hatimiliki za ardhi ya pwani. Wenye karatasi, mashahidi na mawakili wakathibitishiwa ardhi yao, huku Wamijikenda wengi na watumwa walioachwa huru wakijikuta maskwota, tatizo ambalo serikali baada ya serikali imelirithi bila kulimaliza. Ali bin Salim hakutunga sheria hizo. Lakini alikuwa mtoto wa nyumba iliyonufaika nazo, na pia mtu aliyekaa katika kiti cha serikali. Zawadi zake zilikuwa za kweli, ila skwota wa Malindi hakuwa na mahali pa kumwuliza liwali kuhusu shamba alilolilima maisha yake yote.

Msomaji atasema hayo ni ya Waswahili wa pwani, Chwele haikuwahi kuwa na liwali. Kwa jina, ni kweli. Kwa mtindo wa utawala, tulikuwa naye. Baada ya ngome za Wabukusu za Lumboka na Chetambe kuangushwa kwa bunduki za rashasha mwaka 1895, Waingereza walitafuta huku pia ukoo wa kifalme wa kutawala kupitia kwake, wakauona kwa Nabongo Mumia wa Wanga. Murunga, nduguye Mumia, akawekwa Kimilili kuwa chifu juu ya Wabukusu ambao hawakumchagua. Wazee wetu walinung'unika kwa miaka mingi, na kiini cha manung'uniko yao kilikuwa kwamba mtawala aliwajibika kwa aliyemweka, si kwao.

Hoja nzito zaidi ni ya yule anayesema: afadhali liwali aliyetoa chake kuliko gavana anayekula chetu. Na Bungoma haiwezi kuicheka hoja hiyo. Ni kaunti yetu iliyonunua wilbaro 10 mwaka 2015 kwa Sh1,090,000, yaani Sh109,000 kila moja, nchi nzima ikatucheka. Hata hivyo, tazama kilichofuata. Bei ile iliandikwa katika stakabadhi za umma, ikaanikwa, ikaulizwa, na maafisa wakafikishwa mahakamani. Mkulima wa Malindi hakuwa na njia kama hiyo ya kumwuliza liwali kuhusu shamba. Tena hesabu yenyewe inaikataa hoja. Katiba ya 2010 inataka kaunti zitengewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, fedha ambazo mfuko wa tajiri yeyote wa ukoo wowote haukaribii. Gavana anayechanga laki mbili kanisani huku zahanati haina dawa hajawa mkarimu. Kazi yake haijafanyika, na ile laki mbili inatusahaulisha kuuliza. Huo ndio ubaya wa utawala wa zawadi: anayepokea huona haya kudai haki, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi na uliojaa hauulizwi.

Kwa hiyo atakayefika sokoni Chwele kuomba ugavana Agosti 2027, mchango wake wa kanisani uache kwanza. Kama amewahi kushika ofisi ya umma, mwulize Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliandika nini kuihusu. Kama hajawahi, mwulize amepataje mali anayotugawia.