Uzio wa kituo cha umeme ni wa nani?

Ndugu mfanyakazi, mama wa nyumbani, na wewe kijana unayelisoma gazeti la baba yako: leo ukurasa wetu unatoka shimoni na kuingia kartie. Kazini mnajua kujilinda. Kofia kichwani, buti mguuni, taa inafanya kazi. Lakini mkirudi nyumbani mnapita chini ya nyaya za nguvu kubwa bila kuinua macho.

Nasema kwanza na ninyi wa Kimemi. Mji wa Butembo ulikaa miaka mingi bila mstari mkubwa wa umeme wa taifa; aliyetaka taa alinunua jenereta na mafuta yake. Katika miaka hii ya karibuni nguzo zimeanza kuingia mjini, na nguzo hazikai bila kituo: mahali penye uzio, transfoma kubwa, na mlio kama wa nyuki. Mzazi anauliza: kitu hiki kinafanya nini karibu na watoto wangu? Ana haki ya kujibiwa.

Umeme ukisafiri mbali kwa volti ndogo, sehemu kubwa inapotea njiani kama joto. Ukiongeza volti mara mbili, hasara inashuka hadi robo. Ndiyo sababu mstari wa Inga hadi Kolwezi, wa karibu kilomita 1,700, ulioanza kazi mwaka 1982 kwa ajili ya migodi ya shaba ya Katanga, ulijengwa kwa volti 500,000. Umeme wa namna hiyo hauwezi kuingia katika pasi ya mama. Kituo cha Kolwezi unaupokea, unageuzwa, unashushwa, unashushwa tena kwenye vituo vingine na kabini za mitaani, mpaka unafika nyumbani kwa volti 220. Kituo ni kama depo ya bia: lori linaleta, depo inagawa, wewe unapata chupa yako. Kwa hiyo ni lazima depo iwe karibu na wanywaji.

Karibu, ndiyo, lakini si mlangoni. Tarehe 2 Februari 2022, katika soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, waya wa nguvu kubwa ulikatika ukaangukia mahali palipojaa maji ya mvua. Watu 26 walikufa, wengi wao mama waliokuwa wakiuza au kununua. Si lazima kugusa waya. Walikuwa wamekanyaga maji. Soko lilikuwa limekua chini ya nyaya, meza moja leo, meza nyingine kesho, na hakuna aliyelizuia. Ninyi mnaouza ndizi na makala chini ya mstari, mnanisikia?

Siku waya unapoanguka, usikimbie. Ardhi inayouzunguka ina umeme, na hatua ndefu inaufanya upande mguu huu na kushukia ule. Bana miguu, sogea kidogo kidogo bila kuinua nyayo, mpaka uwe mbali mita 10 na zaidi. Aliyelala chini usimvute, hata kama ni mtoto wako, mpaka umeme umekatwa. Ni neno gumu kulisema, lakini waokoaji wengi hufa namna hiyo.

Halafu kuna jambo la wizi. Kokoto za ndani ya uzio si mapambo. Zinapunguza umeme unaoweza kupita katika miguu. Nyaya za shaba zilizofukiwa chini yake zinapeleka radi ardhini. Sisi watu wa migodi tunajua bei ya shaba, basi tusijifanye hatujui nani anaiuza. Mafuta ya transfoma nayo yanaibwa. Huko Kenya yamewahi kuuzwa kwa wakaanga chipsi. Katika transfoma za zamani yanaweza kuwa na sumu iitwayo PCB, inayodhuru ini na ngozi. Na tundu la uzio si dogo kamwe: mwezi Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma ya kituo cha Gitaru, na Kenya nzima ikakaa gizani. Tumbili alipona. Mtoto wako hatapona.

Wengine wanaogopa kansa. Mwaka 2001 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa liliweka nguvu za sumaku za umeme katika kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta kansa, kwa ushahidi mdogo. Nje ya uzio nguvu hizo hupungua haraka ndani ya mita chache. Mimi ningeogopa zaidi nyumba iliyojengwa chini ya mstari.

Sasa maoni yangu, na wakubwa wasome. Mstari wa Inga unapita juu ya vijiji ambavyo havijapata hata balbu moja. Mtu anayesikia mlio wa transfoma usiku kucha huku mtoto wake anasomea kibatari, kwa nini alinde uzio ule? Atautoboa, atavuta waya wa wizi, na siku moja tutamzika. Mkileta kituo Kimemi, wapeni taa kwanza majirani wa uzio, kwa bei wanayoiweza. Na bango la mlangoni, lenye fuvu na maneno ya Kifaransa, liandikwe pia kwa Kiswahili na Kinande, pamoja na namba ya simu ambayo mtu ataipokea saa nane ya usiku.