Jiko la spiriti kwenye mkoba wa fungate



Bibi harusi wa visiwani huingia kwake na seti za sahani, mahotpoti na sufuria za kila kimo. Siku mume akisema twende Vumawimbi tukashinde, cha kubeba ni seredani na mkaa, na nguo nyeupe ndiyo kwaheri. Sisi tunaona kwenye vyombo vyake kuna haja ya kimoja kidogo: jiko la spiriti.

Ni kikombe cha shaba kinachoenea kiganjani, kama kile cha Trangia ya Sweden. Hakina pampu, utambi wala mtungi. Unatia spiriti, unawasha, unaweka sufuria juu ya miguu yake. Ongeza sufuria nyepesi ya lita moja yenye kifuniko, bati la kukinga upepo (kusi likivuma bila bati hupiki kitu), kiberiti, kisu, majani ya chai na iliki. Vyote hivyo huingia ndani ya sufuria, ukaifunga kwa kanga.

Msitarajie makubwa. Kwa uzito ule ule, spiriti hutoa takriban theluthi mbili tu ya joto la mafuta ya taa. Nusu lita ya maji huchemka kwa kiasi cha dakika 8 hadi 10, kwa vijiko viwili vikubwa vya spiriti. Basi ni chai, mayai, tambi. Biriani liacheni nyumbani.

Tunaloliogopa ni moja. Mchana wa jua, moto wa spiriti hauonekani. Mtu hudhani umezimika, humimina nyingine, na moto hupanda mpaka kwenye chupa aliyoishika. Usiongeze spiriti mpaka jiko limepoa kabisa. Kulizima, lifunike. Weka maji karibu, maana spiriti huchanganyika na maji, si kama mafuta ya taa yanayoelea juu. Na baibui za nailoni huyeyuka zikagandia ngozini: pandisha mikono, funga mtandio nyuma, jifunge kanga ya pamba. Ndani ya hema usipike.

Chupa nayo isiwe ya maji ya kunywa. Spiriti nyingi za kuchomea hutiwa methanoli, sumu inayopofua na kuua. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi.

Tunaulizwa sana: si ulevi huo? Wapo mashekhe wanaoona spiriti iliyotiwa sumu haina hukumu ya kinywaji, na kuichoma hakuna ubaya. Wapo wanaoshika kauli ya madhehebu yetu ya Shafii kuwa kilevi cha maji ni najisi. Sisi tunaelekea kwa wa mwanzo, kwa vile haiingii chakulani na hakuna anayeikusudia kuinywa. Lakini kwa tahadhari tunaibeba mbali na nguo za kusalia, na ikitumwagikia tunaosha kabla ya udhu. Shekhe wako akikwambia vingine, mfuate yeye.

Mwenye fungate ya ng'ambo asipakie spiriti kwenye begi la ndege, hairuhusiwi. Jiko tupu, lililooshwa na kukaushwa mpaka halinuki, ulizia kwanza kwa shirika lako. Spiriti utanunua huko huko.