Jeraha la ziwa lielezwe kwa lugha ya mgonjwa

Saratani ya matiti ndiyo saratani inayowapata wanawake wa Kenya kwa wingi kuliko nyingine yoyote. Kampeni za kuwahimiza wachunguzwe mapema zimeenea, na hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, liko jambo ambalo halijatiliwa maanani: yale yanayomkabili mwanamke baada ya kupasuliwa, anaporejea nyumbani kwake Kibokoni au Kuze akiwa na mshono, mpira wa kutolea maji ubavuni, na karatasi ya maagizo ambayo aghalabu imeandikwa kwa Kiingereza.

Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na hoja yangu ni ya lugha. Nashikilia kwamba maagizo yasiyoeleweka ni sawa na dawa isiyotolewa, na kwamba Kiswahili tunacho cha kutosha kuyaeleza haya yote.

Tuanze na jina la kiungo chenyewe. Katika Kimvita huitwa ziwa. Kiswahili Sanifu hupendelea titi. Wengi wetu, kwa ajili ya haya, hatutamki hili wala lile, bali twasema kifua. Haya ni pambo la mja, wala siikejeli. Lakini kifua kwa Mswahili ni kikohozi pia, na wapo wanaofahamu kifua kikuu. Mama akimwambia mkaza mwanawe kwamba amepasuliwa kifua, na neno likakomea hapo, yule anayemwuguza hatajua ni wapi pa kutazama wala ni nini cha kuogopa. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai.

Chukua sasa neno kukauka. Mgonjwa huambiwa aliache jeraha likauke. Muuguzi anamaanisha kwamba lisiloweshwe wala lisifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu. Lakini katika nyumba zetu kukauka ni kazi inayosaidiwa: mmoja ataleta manjano, mwingine liwa, wa tatu chumvi au dawa ya mswaki. Vitu hivi vina mahali pake, na liwa imewapendezesha mama zetu tangu zamani. Mahali pake si juu ya mshono ambao haujafunga, kwani huweza kuingiza vijidudu na kuiwasha ngozi. Laiti karatasi ingesema waziwazi, “Usipake kitu chochote ambacho daktari hakukupa,” ingetosha.

Vivyo hivyo kwa ule mpira. Kazi yake ni kutoa maji yanayojikusanya mahali palipoondolewa nyama. Maji hayo hupimwa na kuandikwa kila siku, na aghalabu mpira huondolewa yanapopungua hadi chini ya mililita 30 kwa siku. Baada ya kuondolewa, pengine maji hujikusanya tena chini ya ngozi, pakavimba. Si ajabu wala si lazima iwe saratani imerudi. Lakini pasikamuliwe, arejee kwa daktari, ambaye akiona haja atayatoa kwa sindano.

Dalili za hatari nazo zina majina ambayo kila mtu anayajua: wekundu unaozidi kutambaa (na kwa ngozi nyeusi, weusi uliokolea zaidi), joto, uvimbe, usaha, harufu mbaya, mshono kuachana, homa ya nyuzi 38 au zaidi. Mgonjwa mwenye kisukari au anayevuta sigara ajihadhari zaidi, maana jeraha lake hupona polepole. Katika joto na unyevu wa Mombasa, majira ya kaskazi hasa, jasho chini ya sidiria na buibui si jambo la kupuuzwa. Nguo ya ndani na iwe pana, ya pamba, na ibadilishwe kila inapolowa.

Ucheleweshaji una gharama. Jeraha likiingia usaha, tiba ya dawa za saratani au ya mionzi huahirishwa hadi lipone. Kwa hiyo kosa dogo la uelewa huweza kuisogeza mbele tiba nzima.

Neno la tatu ni kupona. Ngozi ikishafunga, watu husema mama amepona, naye hurudi kwenye ndoo na kinu. Kumbe ndani kazi ingali ikiendelea. Kovu hubadilika kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi, na hata likikomaa nguvu yake hufikia takriban asilimia 80 tu ya ngozi ya awali. Mkono nao usifungwe kwa woga: mazoezi mepesi anayoelekezwa, kama vile kuchana nywele, huzuia bega kukakamaa. Jeraha likishafunga kabisa, bila kigaga, na daktari akiridhia, kovu husuguliwa taratibu kwa ncha za vidole na mafuta yasiyo na manukato, mara mbili au tatu kwa siku, ili lilainike.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna jambo zaidi la kujua. Makovu yetu ni mepesi kufura, na mengine hukua hata yakapita mipaka ya jeraha lenyewe. Hayo huitwa keloidi. Plasta za silikoni na sindano maalumu husaidia. Kulikata tu bila ya tiba nyingine mara nyingi hulirudisha likiwa kubwa zaidi. Mwenye historia ya makovu ya aina hii, hata la kutoboa masikio, amwarifu daktari kabla ya kupasuliwa.

Hakuna hata moja katika haya ambalo limenilazimu kukimbilia Kiingereza. Wala si hisani ninayoiomba. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoifahamu na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Hapa Mombasa, ni nani atakayesema kwamba haiwezekani?

Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi za umma zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Basi kaunti yetu na iwaketishe pamoja wauguzi, walimu wa lugha, wanawake waliopitia upasuaji huu, na masomo wa Mji wa Kale, ambao tangu jadi ndio waliowafunza wasichana mambo ya mwili bila ya kuvunja heshima. Waandike ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, usomwe kwa sauti mbele ya mgonjwa na mwuguzaji wake kabla hawajatoka wodini, kisha waulizwe waliyoyafahamu. Gharama yake ni karatasi na robo saa.

Daktari ameshafanya kazi yake kwa kisu. Tusiuache mshono wake uharibike nyumbani kwa kukosa neno.