Kalamu ina haraka gani?
Wiki hii, kwenye duka la vitabu hapa Mtwapa, mama mmoja alikuwa akitafuta daftari la mwanawe wa darasa la awali, PP1. “Mwalimu kasema ajaze kurasa mbili kila jioni,” alimweleza muuzaji. Mtoto mwenyewe, wa miaka minne hivi, alikuwa amechuchumaa mlangoni akichora samaki mchangani kwa kijiti. Mimi naona hapo ndipo alipokuwa akijifunza kuandika. Bibi yangu hakuwahi kushika kalamu, lakini vitendawili vyake vya usiku vilitufunza kusikiliza sauti za maneno; tulipofika shuleni, herufi hazikututisha. Sikio hutangulia, jicho hufuata, mkono huja mwisho. Mtaala mpya, ulioingia madarasa ya awali nchini kote 2019, nao unataka watoto hawa waimbe, wachore na kusimuliwa hadithi. Finland, mtoto huanza darasa la kwanza mwaka anaotimiza miaka 7. Basi tuambiane ukweli: kurasa zile mbili hazimfunzi mtoto, zinamridhisha mzazi anayelipa karo. Mwenye haraka na amsomee mwanawe hadithi.