Msimamo Usigeuke Ukuta

Mtu asiye na msimamo hafai kukabidhiwa kazi ya umma. Leo atakubali hili, kesho lile, na wananchi anaowatumikia hawatajua washike lipi. Ndiyo maana tumezoea kumsifu mtumishi mwenye imani thabiti juu ya kazi yake, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini msimamo nao una hatari yake, ambayo husemwa mara chache. Mtu anapoliamini jambo kupita kiasi, huacha kusikia. Maneno humfikia, lakini kabla hajayapima huwa amekwisha kumpa jina aliyeyasema: huyu mvivu, yule mkaidi, na yule mwingine hakuelimika. Hivyo hoja hufukuzwa kwa kumdharau mwenye hoja.

Historia ya nchi yetu inatupa mfano ambao kila mwalimu anaweza kuutumia darasani. Mwaka 1946 Uingereza, iliyokuwa imetoka vitani ikiwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, ilituma ujumbe wa wataalamu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa idara ya kilimo Tanganyika. Baada ya ziara ya wiki tisa, ujumbe huo ulipendekeza zaidi ya ekari milioni 3 zilimwe karanga kwa mitambo, na sehemu kubwa ya ekari hizo iwe Tanganyika. Kazi ilianzia Kongwa. Ilionekana kuwa haja ni kubwa mno kiasi cha kutosubiri mashamba ya majaribio.

Mwaka 1947 zilitarajiwa kufyekwa ekari 150,000. Zilizolimwa na kupandwa hazikufika 10,000. Mizizi ya vichaka ilivunja zana. Udongo wa mfinyanzi, mvua ilipokatika, ulikauka ukawa mgumu kama tofali. Mvua yenyewe ilikuja ilipotaka. Jambo hili la mwisho halikuwa siri. Wagogo walijua kwa vizazi vingi kwamba mvua ya kwao haiaminiki, na kwa sababu hiyo walilima mtama na uwele, na akiba yao wakaiweka katika mifugo. Elimu hiyo ilikuwa imeandikwa katika mashamba yao. Waliotoka ng'ambo na ramani zao waliona kilimo cha watu walio nyuma.

Inafaa tukumbuke kwamba wenye mpango ule hawakuwa wajinga. Wengi wao waliamini kwa moyo safi kwamba wanaokoa watu na njaa, na imani hiyo safi ndiyo iliyowafunga macho. Kila dalili ya kushindwa ilipewa maelezo: vipuri havijafika, matrekta ni makuukuu, bandari imejaa. Mengi ya maelezo hayo yalikuwa ya kweli. Ubaya wake ni kwamba yalizuia swali moja lisiulizwe: je, ardhi hii inaifaa kazi hii? Badala ya kupunguza mwendo, mwaka 1948 kazi ilikabidhiwa shirika jipya la umma la Uingereza, na mashamba yakafunguliwa Urambo na Nachingwea pia. Januari 1951 mpango ulitangazwa kuachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Ni rahisi kuwacheka wakoloni. Ni vigumu zaidi kujitazama wenyewe, lakini hatuna budi. Katika maandishi yake ya 1967 kuhusu ujamaa vijijini, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kuundwa kwa kuwalazimisha watu. Novemba 1973 ikatolewa amri kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi pamoja katika vijiji. Lengo lilikuwa jema, kwa kuwa shule, zahanati na maji ni vigumu kuwafikishia watu waliotawanyika. Lakini katika sehemu kadha, mkulima aliyesema kwamba mahali papya hapana maji, au kwamba shamba lake litakuwa mbali mno, alihesabiwa kuwa mpinga maendeleo. Zipo nyumba zilizochomwa moto ili wenyewe wasirudi. Mkulima yule hakuwa anapinga shule wala zahanati. Alikuwa anatoa habari ambayo afisa aliihitaji, na afisa hakuisikia kwa sababu alikuwa na hakika.

Ugonjwa huu, basi, hauchagui rangi wala itikadi. Humwingia yeyote mwenye lengo jema na madaraka ya kulitekeleza. Tena katika ofisi huambukiza. Mkubwa akijulikana kuwa hapendi kusikia neno la kinyume, walio chini yake hujifunza upesi kuandika taarifa zinazompendeza. Bwana shamba anaandika kwamba mazao yanaendelea vizuri. Wilayani wanaongeza kidogo. Mkoani wanaongeza tena. Taarifa inapofika juu, njaa imegeuka neema, na mkubwa anaona ameungwa mkono na watu wote, kumbe anasikia mwangwi wa sauti yake mwenyewe.

Shuleni nako ni vivyo hivyo. Mwalimu akishaamini kwamba mtoto fulani ni mzito wa akili, jibu sahihi la mtoto huyo ataliita bahati, na kosa lake ataliita ushahidi. Mtoto anayeuliza kwa nini huhesabiwa mtovu wa adabu. Hatimaye mtoto huacha kuuliza, na Taifa hupata kijana mwingine aliyefundishwa kunyamaza. Kijana huyo ndiye atakayeandika taarifa za kesho.

Lakini nchi hii imewahi pia kuonyesha kwamba tiba ipo. Mwaka 1991 iliundwa Tume ya kukusanya maoni ya wananchi juu ya mfumo wa siasa, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Kiasi cha asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Wapatao asilimia 20 walitaka vyama vingi. Ilikuwa rahisi kuhesabu vichwa na kufunga jalada. Tume ilipima hoja za wachache pamoja na za wengi, ikapendekeza vyama vingi, Chama kilichokuwa na madaraka yote kikakubali, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Kukubali kule hakukuwa kushindwa. Chama kilichosikiliza wachache kilipata heshima ya wengi.

Hatusemi kwamba kila maoni ni sawa, wala kwamba kiongozi ageuke bendera ifuatayo upepo. Tunasema kwamba msimamo uliopimwa ni imara kuliko msimamo uliolindwa. Kila mwenye madaraka, kabla ya kutia saini, na ajiulize: ni jambo gani likionekana nitakiri kwamba mpango huu haufai? Kama hana jibu, basi hana mpango. Ana ndoto, na gharama yake italipwa na wengine. Na ajiulize tena: ni lini mara ya mwisho mtu wa chini yangu aliniambia kwamba sivyo, akatoka ofisini kwangu akiwa hana hofu? Kama hakumbuki, asidhani kwamba hajapata kukosea. Ajue kwamba watu wameacha kumwambia.

Wahenga walituonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema kwamba mkuu asiyesikia la mdogo husalimika. Tofauti ni kwamba mkuu huyo, anapoanguka, huanguka na watu wengi waliomwamini. Watumishi wa umma na walimu wamekabidhiwa watu hao. Washike msimamo wao, lakini mlango wauache wazi.