Kikohozi kimekoma, dozi haijaisha

Oktoba ikiingia, familia nyingi za Masasi na Newala huwa mashambani kuanzia alfajiri. Korosho zimedondoka, lazima ziokotwe, zitenganishwe na mabibo na zianikwe juani kabla ya kupelekwa kwenye ghala la chama cha ushirika (AMCOS) kusubiri mnada. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyeanza dawa Agosti yuko mwezi wa tatu. Hakohoi tena, jasho la usiku limekwisha, mwili umerudi. Shamba liko mbali na zahanati, na fedha ya mwaka mzima iko chini ya mikorosho.

Akikatiza vidonge, ataitwa mzembe. Kumwita hivyo hakumsaidii, maana ni wachache waliomweleza kinachoendelea kifuani mwake.

Bakteria wa kifua kikuu, ambaye Robert Koch alimtangaza mwaka 1882, hana haraka. Hujigawa mara moja kwa takriban saa 20, wakati baadhi ya bakteria wa tumboni huhitaji kama dakika 20 tu. Akifika mapafuni humezwa na seli za kinga zilizoumbwa kumuua. Humo ndani hukutana na tindikali, uhaba wa oksijeni na naitriki oksaidi. Bakteria wengine wengi wangekufa, lakini huyu ana mifumo ya kuhisi kila dhiki na kuijibu. Mfumo wa PhoPR huhisi tindikali na kuchochea silaha iitwayo ESX-1, inayotoa protini za kuharibu utando wa seli iliyommeza. Mwingine, DosR, huhisi oksijeni inapopungua na kuamsha jeni karibu 50. Bakteria huacha kuzaana, hupunguza matumizi yake na kusubiri.

Hapo ndipo penye shida. Dawa ya isoniazidi huua vizuri bakteria anayejenga ukuta wake ili azaane, lakini aliyetulia huiponyoka. Rifampisini na pirazinamaidi ndizo huwafikia hao waliojificha, tena taratibu. Ndiyo maana kifua kikuu cha kawaida kwa mtu mzima hutibiwa kwa dawa nne kwa miezi miwili, kisha dawa mbili kwa miezi minne. Miezi ya kwanza humwondolea mgonjwa kikohozi. Inayofuata huwamaliza waliobaki, na mgonjwa hana dalili yoyote ya kumwambia kwamba wapo.

Silaha za bakteria, kama ile ESX-1, zinaweza kupotea. Albert Calmette na Camille Guérin walimkuza bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe maabarani kwa miaka 13, hadi 1921, naye akapoteza sehemu ya jeni za ESX-1 na makali yake yakapungua. Huyo ndiye aliye katika chanjo ya BCG, ile inayoacha kovu dogo begani kwa watoto wa Newala. Chanjo hiyo humkinga zaidi mtoto mdogo dhidi ya kifua kikuu kikali. Mtu mzima bado anategemea vidonge.

Tanzania haina sababu ya kushindwa hapa. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanza 1977, kwa msaada wa daktari Karel Styblo, uliionyesha dunia kwamba nchi maskini inaweza kumfuatilia mgonjwa hadi dozi iishe. Shirika la Afya Duniani lilijenga mkakati wake wa miaka ya 1990 juu ya kazi hiyo.

Basi mgonjwa afuatwe alipo. Mkulima anayepeleka korosho ghalani anaweza kukutana hapo na mhudumu wa afya wa kijiji mwenye vidonge vyake. Tarehe za kliniki zipangwe kwa kuangalia msimu, na siku ya kwanza ya dawa mgonjwa aelezwe waziwazi kwamba atapata nafuu kabla hajapona. Dozi ikikatizwa, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu, na matibabu yake ni magumu na ya gharama zaidi.

Anayekohoa kwa wiki mbili apeleke makohozi yake kupimwa. Kipimo na dawa ni bure.